Neeltje Kloosterboer na Picha Iliyopinduliwa

Marehemu Neeltje Kloosterboer alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Broek op Langedijk, kifungua mimba wa mkulima wa kabichi, Mzee Klaas, na mkewe Aafje. Akiwa mdogo, siku moja mama yake alipasua kabichi nyekundu jikoni, naye akaikumbatia asiiachie.

"Mama, nani kaikunja hivi ndani?"

"Imejikunja yenyewe. Lete hapa, baba yako ana njaa."

"Yenyewe imejuaje?"

Siku hiyo nyumba nzima ilikula viazi vitupu.

Alisoma sekondari Alkmaar, na mwaka 1969 akaingia chuo kikuu kusomea mimea. Huko alijifunza kwamba homoni ikipita kati ya seli hujichongea njia, kama maji yachimbavyo mfereji, na njia hiyo ndiyo hugeuka mshipa wa jani au shina. Swali lililomkamata maisha yake yote likawa hili: shina likikatwa, mishipa mipya hujuaje kulizunguka jeraha?

Mwaka 1978 aliolewa na Joost Wigboldus, mpiga kinanda wa kanisa, ambaye alivumilia kulala chumba kimoja na vyungu vya njegere. Walijaliwa binti mmoja, Hiske.

Kuanzia 1980 alifanya kazi katika maabara ya chuo, chini ya Profesa Wolter Haverkamp. Desturi ya mazishini ni kusitiri, lakini marehemu aliagiza hili lisisitiriwe. Mwaka 1993, kazi yao ya pamoja ikiwa karibu kuchapishwa, aligundua kwamba picha za mashina mawili zilikuwa picha moja iliyopinduliwa juu chini.

"Wolter, shina la pili halipo. Umelipindua hili hili."

Profesa akacheka. "Neel, acha utoto. Jibu tunalijua, picha ni pambo tu."

"Hulijui. Unalitamani."

"Basi toa jina lako, tuone utakula wapi."

Alilitoa. Jioni alimwambia Joost kwamba koo lake lilikuwa kama la mtu aliyekunywa maji ya maua yaliyooza. Na kilichomtia kinyaa zaidi hakikuwa Haverkamp. Ni wenzake waliomnong'oneza ukumbini, "Una haki, dada," kisha wakati wa chakula wakabeba sahani zao kwenda meza nyingine. Mkataba wake haukuongezwa.

Alifundisha biolojia sekondari hadi 2016, na nyuma ya nyumba yake, katika kibanda cha vioo, aliendelea kukata mashina ya njegere. Aliona mishipa ikilizunguka jeraha kweli, lakini polepole, ikipotea njia na kujaribu tena, si kwa unyoofu ule wa kwenye picha. Mwaka 2011, yeye na Hiske, ambaye pia alisomea mimea, walichapisha matokeo hayo, na ile kazi ya zamani, iliyokuwa imechapishwa bila jina lake, ikafutwa. Haverkamp alikuwa amekwisha kustaafu, kwa nishani, hotuba na keki.

Novemba 2018 alipatikana na saratani ya kongosho. Haverkamp akamletea waridi zilizotiwa rangi ya buluu.

"Siemen, niondolee uchafu huu," alimwambia mdogo wake. "Hata ua kalighushi!"

"Niuweke wapi, dada?"

"Kwenye mboji. Huko angalau utafaa kitu."

Aliaga dunia nyumbani kwake Alkmaar tarehe 3 Februari 2019, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Hiske, na Joost akipiga kinanda chumba cha pili.

Ameacha mume, Joost; binti, Hiske; wajukuu wawili, Bregje na Douwe; na mdogo wake Siemen, anayewasomea haya. Chuo kiliomba nafasi ya kutoa rambirambi leo. Joost aliwauliza, "Mtazitaja zile picha?" Wakamjibu, "Mazishini si mahali pake, bwana." Kwa hiyo hawatasema. Wale wa chuo walioketi safu za nyuma wanakaribishwa kahawa baada ya maziko, kama itawapita kooni.

Neeltje alale salama. Sisi tuliobaki, Mungu atusafishe.