Dakika Kumi za Wilda Krebs

Wasikilizaji wapendwa, mlikuwepo. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadai hakuambiwa. Mlikuwa ndani ya pikapu zenu, vioo vimepandishwa, kahawa mkononi. Mlipomwona yule mama mfupi mwenye koti la njano amesimama kwenye lango la kiwanda, mligeuza macho upande wa shamba la mahindi, kana kwamba mahindi ni kitu kigeni hapa Tamarack Fork.

Wilda Krebs amefariki. Amefariki Jumanne hii, jikoni kwake, Barabara ya Kinu, akimenya viazi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Moyo ndio uliosimama. Wapo wanaosema mkahawani kwamba ameuawa na hasira zake. Hasira ndizo zilizomweka hai. Kilichomchosha ni nyinyi.

Alizaliwa kwenye shamba la nguruwe, upande wa kaskazini wa reli. Shamba likauzwa, nguruwe wakauzwa, na Wilda akaingia kiwanda cha Lindemuth kupiga misumari kwenye trela, zile nyumba za magurudumu, enzi hizo kiwanda kingali ghala moja na choo cha nje. Mgongo ulipokataa kazi hiyo, akanunua basi dogo la rangi ya buluu. Akawa anawabeba Waamishi, majirani zetu ambao dini yao haitaki magari wala umeme. Wenyewe hawaendeshi gari, ila kupanda wanapanda, na wanaokaa mbali na kiwanda wanahitaji mtu wa kuwapeleka alfajiri na kuwarudisha mchana. Mtu huyo alikuwa Wilda.

Kiti cha mbele kilikuwa cha Orva Chupp, fundi wa mapaa, mtu wa ndevu ndefu na maneno mafupi.

"Wilda, leo umechelewa."

"Nimechelewa wapi? Nyinyi ndio mmewahi. Mngekuwa na saa za umeme mngejua."

"Saa ya umeme haikamui ng'ombe."

"Na ng'ombe wako haendeshi basi. Funga mlango, Orva, baridi inaingia."

Hivyo kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi. Watu wa nyuma wakicheka kwa Kijerumani chao na yeye akijifanya haelewi.

Sasa sikilizeni kuhusu lango, maana habari yote iko langoni. Pale kiwandani mtu halipwi kwa saa. Analipwa kwa trela zilizokamilika. Zikikamilika, king'ora kinalia, saa saba mchana, na kila mtu anakimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Lango ni moja tu. Pikapu mia kadhaa zinatokea hapo hapo wanapotokea wasichana wa Kiamishi kwa baiskeli na wazee kwa vigari vya farasi. Lango moja. King'ora kimoja. Hata kuku ukiwafungulia banda huwa wanatoka kwa adabu kuliko watu wazima wa mji huu.

Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Oktoba, Lydiann Chupp alitoka langoni kwa baiskeli yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa binti wa Orva. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia ya trela. Jua lilikuwa juu, lami kavu, hakuna mvua wala ukungu wa kusingizia. Dwain Pruitt, kijana wa idara ya rangi, alikuwa anawahi ziwani kuvua samaki. Pikapu yake ikamgonga Lydiann pale pale, kwenye nguzo ya kushoto. Wilda alikuwa ng'ambo ya barabara, anasubiri abiria wake. Aliona yote. Alipiga magoti kwenye lami na kukishika kichwa cha yule binti mpaka baba yake alipofika. Lydiann alifia pale pale.

Jioni hiyo hiyo Orva na mkewe walikwenda kwa miguu nyumbani kwa Dwain. Walibeba bakuli la kuku na tambi, na pai ya malai. Walikaa naye sebuleni. Wakamwambia wamemsamehe. Dwain alilia mpaka mama yake akaogopa.

Hilo lilikuwa jambo kubwa, na lilikuwa lao. Sasa tazameni mji ulivyolifanyia biashara.

Waandishi wa habari walikuja kutoka miji mikubwa na kamera. Baraza letu la mji likatundika bango kwenye njia ya kuingilia: Karibuni Tamarack Fork, Mji wa Msamaha. Vikombe vikachapishwa, vyenye picha ya kigari cha farasi, vikauzwa dukani karibu na jibini. Mji wa msamaha. Nani kati yenu alisamehe nini? Mlisamehewa nyinyi, mkajipa wenyewe sifa ya aliyesamehe.

Kwenye mkutano wa mji Wilda alisimama. Alikuwa amevaa lile koti la njano. Garth Lindemuth, aliyerithi kiwanda kwa baba yake pamoja na kiburi, alikaa mstari wa mbele.

"Naomba dakika kumi," Wilda alisema. "King'ora kikilia, baiskeli na farasi watoke kwanza. Magari yasubiri dakika kumi. Basi."

"Bi Wilda," Garth akasema, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa, "familia yenyewe imesamehe. Sisi ni nani tufukue yaliyozikwa?"

"Wewe ni mwenye lango."

"Wao wameliweka jambo hili mikononi mwa Mungu."

"Mungu hana ufunguo wa lango lako, Garth. Unao wewe."

Watu walicheka. Halafu wakapiga kura. Mikono iliyoinuka kumuunga mkono ilikuwa ya kwake na ya mwalimu mmoja mstaafu, ambaye baadaye alisema alikuwa anajikuna.

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Waamishi wenyewe hawalalamiki, wewe unalalamikia nini?"

"Wao dini yao inawakataza," Wilda akajibu. "Mimi ni Mmethodisti, tena wa Krismasi tu. Hakuna kinachonikataza."

Lakini lile swali lilimkaa. Kesho yake alfajiri, ndani ya basi, alimuuliza Orva jambo ambalo mji mzima ulikuwa haujawahi kumuuliza. Ulisamehe nini hasa?

Walikuwa wanavuka reli. Orva akasema, "Nilimsamehe Dwain. Kuhusu lango hakuna aliyeniuliza."

"Mbona hukusema?"

"Sisi hatudai, Wilda. Lakini mtu akiniuliza, nitamjibu."

Rudieni maneno hayo vichwani mwenu, wasikilizaji wapendwa. Alimsamehe mtu. Lango hakulisamehe. Na kwa miaka tisa hakuna mwingine kati yetu aliyefungua mdomo kumuuliza.

Mchana wa siku hiyo, king'ora kilipolia, basi la buluu lilikuwa limekingama langoni. Pembeni paliachwa nafasi ya baiskeli na vigari, si zaidi. Wilda alisimama mbele ya basi, mkono ameunyanyua. Wasichana wakapita. Farasi wakapita. Nyuma yao honi, matusi, vifuniko vya kahawa vikirushwa.

"Bibi, sogeza hilo jeneza."

"Subiri zamu yako, utaingia humo siku moja."

"Mke wangu ananingoja."

"Nimemwona dukani. Hakungoji."

Dakika kumi. Kisha akaondoa basi. Kesho yake akarudi. Wakalivuta basi kwa amri ya Garth. Akaja na trekta dogo la kukatia nyasi, akaliegesha pale pale, akakaa juu yake na kufuma soksi. Naibu wa sherifu akaja.

"Bi Wilda, nikuandikie kosa gani? Kitabu changu hakina trekta la nyasi."

"Andika mama mzee amekaa. Halafu geuka, unawazibia njia farasi."

Jioni hiyo basi lake likarudishwa. Nadhani Garth aliogopa picha ya lile trekta isije ikafika magazetini, kama habari ya msamaha ilivyofika.

Na gari la kwanza nyuma ya basi, injini imezimwa, kila siku, lilikuwa la Dwain Pruitt. Hakupiga honi. Aliiweka pikapu yake kukingama kidogo ili walio nyuma wasipenye. Mwaka wa tatu alishuka na kikombe cha kahawa akakiweka juu ya boneti ya basi. Renata, binti wa Wilda, amenisimulia: "Mama aliinywa. Alirudi nyumbani akilalamika haina sukari. Kesho yake ilikuwa na sukari."

Miaka tisa, hakuna aliyeumia langoni. Hata mmoja. Unajua Garth alifanya nini? Alitundika kibao cha pongezi ofisini kwake, kuhusu usalama. Kipo hadi leo, kimefutwa vumbi vizuri kuliko mashine zake.

Wilda alifariki Jumanne. Jumatano king'ora kikalia, na lango likawa wazi.

Dwain alisimama pale peke yake, kwa miguu, mkono juu. Pikapu yake iko gereji. Mlimzunguka. Mlipita kwenye nyasi, kulia na kushoto, na kioo cha pembeni cha gari la mmoja wenu kikampiga kiwiko. Jana akasimama tena, mkono umefungwa bandeji. Mkamzunguka tena. Na jana hiyo Rosemary Chupp, mdogo wake Lydiann, anayeshona mapazia kwenye meza ile ile ya dada yake, alikwepa gari akaangukia mtaroni. Alitoka na matope mpaka magotini, usukani wa baiskeli umepinda. Aliyemkosakosa alishusha kioo kumwambia pole. Rosemary akamwambia amesamehe. Naye akapandisha kioo na kwenda zake kula.

Usiku wa jana baraza la mji lilikutana. Wamepitisha azimio. Watamwekea Wilda Krebs benchi mbele ya duka la jibini, lenye umbo la kigari cha farasi, watalii wakae wapige picha. Kura zote zilikubali. Kumbe mikono mnayo.

Renata, pole sana. Pole kwa mama aliyekufundisha kusimama. Orva, wewe na nyumba yako, poleni, na Rosemary asipande baiskeli leo mpaka asikie kuna gari lililokingama langoni. Dwain, pole ya kiwiko. Wengine sina pole ya kuwapa. Kabla hamjalala, kila mmoja ajiulize alikuwa anatazama mahindi gani.

Mazishi ni kesho asubuhi, na najua mtajaza kanisa kwa maua. Maua yabaki dukani. Sasa hivi ni saa sita na nusu. King'ora ni saa saba. Dwain yuko langoni na mkono mmoja mzima, na Rosemary anakunja mapazia yake ya mwisho. Kutoka popote unaponisikia katika mji huu mpaka pale ni mwendo mfupi kuliko foleni ya mkahawani. Linahitajika gari moja, limekingama, dakika kumi. Lako.

Usipige simu hapa studio kuniambia nimekutukana. Zima redio. Chukua ufunguo.