Maboresho Madogo

Mtengeneza programu alipanda treni akitaka kusinzia tu, lakini kwenye kiti cha nyuma yake alikaa mtunza dawa wa zahanati, mama asiyejua kunong'ona, akimsimulia fundi cherehani aliyekutana naye papo hapo.

"Simu naielekeza kwenye ile mistari ya boksi, inaniambia dawa imekwisha muda. Nikateketeza boksi kumi na moja za dawa ya kifafa. Kumbe zilibakiza mwezi mzima!"

Usingizi ukamruka mtengeneza programu.

"Kwani boksi halina tarehe?" fundi akauliza.

"Lina mwaka na mwezi. Siku wameweka sifuri sifuri, maana yake mpaka mwezi uishe. Simu ikaona sifuri ni siku iliyo kabla ya mosi, ikarudi mwezi wa nyuma."

"Na macho yako, dada?"

"Usinitoneshe kidonda, kaka. Simu ya ofisi utabishana nayo? Mama mmoja nilimrudisha mikono mitupu, bintiye akaanguka kifafa njiani. Juzi wametuletea toleo jipya la programu, limeandikwa: 'Maboresho madogo.' Madogo kwa nani?"

Maneno hayo mawili mtengeneza programu aliyachagua mwenyewe, akinywa chai, baada ya kulirekebisha kosa bila kumwambia mtu. Akainamia kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa vizuri.

Treni ikapunguza mwendo. Mama akainuka na mkoba wake, akakuta miguu ya mtu njiani.

"Samahani," mtengeneza programu akasema, kisha akarudia mara mbili.

"Ya nini yote hiyo, mwanangu? Wewe umenikosea nini?"

Milango ikafunguka.