Kibuyu Kisifunguliwe Leo

Risala ya timu ya mpira wa kikapu ya akina dada, Green Leaf Ladies ya Kaplong, kwa Mzee Bethwel arap Rono, siku ya kufungua uwanja wetu uliosawazishwa. Msomaji ni katibu wa timu, Dorcus Nyamusi.

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa kituo chetu cha majani ya chai, mzee wa kanisa, na kubwa kuliko hayo yote, baba mzazi wa nahodha wetu Chepkirui: chamgei! Akina mama mlioacha kuchuma mkaja, wazee wetu, na nyinyi mlioketi juu ya magunia kwa kukosa viti, tunawasalimu wote.

Tutasoma mbio mbio. Wingu limeshafika juu ya mikaratusi, na lori la majani likija litataka nafasi yake ya kugeukia. Lakini hata bila mvua na bila lori, tusingeweza kusoma polepole. Tangu asubuhi hakuna hata mmoja wetu aliyekaa kitini akatulia. Utajua sababu, mzee.

KARIBU

Tulipokuletea mwaliko, ulimuuliza katibu wetu, "Mnataka mipira ama jezi? Semeni mapema nijipange." Akacheka, akakwambia utasikia kwenye risala. Alikukwepa. Leo hatuombi mpira, hatuombi jezi, wala mabati ya choo.

Tumekualika kwa sababu mgeni rasmi ndiye mtu pekee mkutanoni asiyeweza kuondoka risala ikiendelea, na ikishasomwa ni lazima asimame aijibu mbele ya watu. Chepkirui ameitwa na klabu ya kulipwa huko Kigali. Wanamtaka Jumatatu ijayo. Amekuomba ruhusa, ukasema, "Mpira ni ya shule, na shule imeisha," kisha ukanyamaza, na mpaka leo umenyamaza. Tuliona nyumbani utaweza kunyamaza hata mwaka, lakini hapa, chini ya hema, na mchungaji akiwa kando yako, hutaweza. Tunaomba radhi kwa ujanja huo. Kukuachilia, hata hivyo, hatukuachilii.

Risala hii tuliiandika Chepkirui akiwa hayupo. Anaisikia sasa hivi pamoja na wewe. Kama amekwenda kujificha nyuma ya mizani, tafadhali asitafutwe.

TULIKOTOKA

Hapa palikuwa mahali pa lori kugeukia tu. Ni wewe uliyekata mkaratusi nyuma ya boma lako, ukauchimbia shimo kwa mikono yako na kusema, "Wekeni ringi hapo, wasichana wacheze wakingoja lori." Chepkirui wakati huo alibeba kikapu cha majani kilichomgonga visigino. Akina mama wakiwa kwenye foleni ya kupima, yeye alikuwa akidunda mpira katikati yao, akikanyaga majani ya watu na kutukanwa. Hukumkataza. Ulisimama ukitazama, ukijifanya unakagua mizani. Tulikuona hata wakati ule.

Basi ringi ilikuwa hiyo moja, na ukiielekea, mteremko wa barabara uko kushoto kwako. Ukidunda mpira kwa mkono wa kushoto, unakukimbia hadi mtaroni, na wa kuutoa mtaroni ni wewe mwenyewe na matope yako. Kwa hiyo sote, kuanzia wa kwanza hadi wa juzi, tulijifunza kudunda kwa mkono wa kulia, mwili ukiegemea mlimani. Hatukujua kwamba tumepinda. Tulidhani mpira wa kikapu ndivyo unavyochezwa.

Waliobahatika wakatoka hapa wakaenda vyuoni hivyo hivyo, na vyuo vikashinda. Kocha wa chuo ana muhula mmoja na kombe la kutafuta. Hawezi kumvunjavunja mchezaji anayemfungia ili amtengeneze upya.

TULIYOYAPATA

Mwaka jana Chepkirui alirudi kutoka chuoni na kombe. Tulimpokea hapa Kaplong kwa nyimbo, na wewe, mzee, ukampa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni ya kumpokea mshindi, kwa mkono wako mwenyewe. Macho yako yalilowa, ukasingizia moshi. Hapakuwa na moshi. Na tangu siku hiyo umekuwa ukisema neno moja: "Nimeshampa mursik. Mtu akipewa mursik amefika."

Ni neno hilo tulilokuja kulijibu. Na jibu letu lina miguu, limekaa pale, linaitwa Nyabate.

Unamjua Nyabate, binti wa Mochama wa kule kwenye nyumba za kampuni. Alipita chuo kile kile alichopita Chepkirui. Alipomaliza, Nyabate alikuwa mrefu, basi. Tunalisema mbele yake na yeye anacheka. Alisimama chini ya ringi, akarushiwa mpira, akaushusha hadi kiunoni, akajipanga polepole kama mama anayejitwika mzigo, kisha akafunga. Nani angemfikia? Tukamwita malkia.

Akaenda nchi ya nje kucheza kwa kulipwa. Kule aliwakuta wote ni warefu kama yeye. Kila alipoushusha mpira kiunoni, ukaondoka. Aliporwa mpaka akaona haya kuomba pasi. Kocha wake, mama mmoja mkali sana, akamwambia mpira usishuke chini ya kidevu tena maishani mwake, halafu akamuuliza, "Na mbona unacheza umepinda?" Nyabate akakana. Akaonyeshwa video. Alitupigia simu papo hapo, hatukujua kama analia au anacheka: "Wasichana, ni ile mtaro! Mtaro ya Kaplong ndiyo imenipinda hivi!"

Wakaanza kumnyoosha. Aliamriwa kupiga mswaki kwa kushoto, kufungua milango kwa kushoto, kudunda kwa kushoto huku mkono wa kulia umefungwa kwa leso mgongoni. Alipokuja likizo, nyanya yake alimkuta jikoni akapiga kelele, "Wewe Nyabate, unasonga ugali na mkono gani hiyo? Hiyo nchi imekufanya nini?" Mkono ule ule, mzee, ndio uliompa Chepkirui pasi ya mwisho katika mchezo wetu wa ufunguzi asubuhi ya leo.

Chuoni mazoezi huja baada ya masomo, mtu ameshachoka. Kule kujirekebisha ndiyo kazi yenyewe, asubuhi na jioni, na kuna watu walioajiriwa kutazama namna unavyotua ukiruka, goti lako linavyokunjwa, unavyolala, unavyokula. Nyabate wa chuo alicheza kwa kuruka. Nyabate wa sasa anatazama kwanza. Anajua mpira utaangukia wapi kabla haujarushwa, na siku nyingine haruki kabisa, anangoja tu. Hatusemi haya kwa kusifia mtu. Tulicheza naye zamani, na leo tumecheza naye tena, na kwa ukweli tulijisikia vibaya, kwa sababu tuliona tulipokomea sisi.

Na wewe ulimwona. Chepkirui alipoipokea ile pasi na kufunga, mgeni rasmi alikuwa ameshasimama kabla ya watu wote. Kofia yako ilianguka, Mama Makori aliyeketi nyuma yako akaiokota. Wewe si mtu asiyependa mpira. Ni wewe uliyetuwekea nguzo.

YANAYOTUSUMBUA

Hatutakudanganya kwa sababu tunataka kitu. Unaogopa, na unachokiogopa kipo.

Msimu wake wa kwanza, Nyabate aliupitisha benchini. Mama yake alipouliza anafanya nini huko, alijibu, "Nakaa, Mama. Nakaa tu, nawapigia wengine makofi." Watu wa hapa wakasema amedanganywa, na wewe ndiye uliyekwenda kumfariji Mochama, ukarudi na uso mzito. Mikataba ni mifupi. Goti likikataa, timu hutafuta goti lingine. Kuna upweke pia, na chakula ambacho si cha nyumbani. Nyabate alituagiza tuyaweke yote haya, tusiyapambe.

Lakini alituagiza tuweke na hili: katika kukaa benchini ndipo alipojifunza kutazama. Laiti angeitwa nyumbani mwaka ule, kama walivyotaka watu, angerudi akiwa mrefu tu.

Umemtafutia Chepkirui nafasi ya kufundisha Sigor. Ni nafasi nzuri na tunajua umeisumbukia. Hajaikataa. Mwalimu mkuu amesema atamngoja. Lakini kule Sigor, nani atamfundisha yeye kutumia mkono wa kushoto? Ana miaka ishirini na tatu. Nyabate anasema makocha wa kule humwangalia msichana wa umri huo kama sisi tunavyoangalia chai iliyopogolewa juzi: ndiyo kwanza inachipua. Sisi hapa humwambia ameshazeeka, aolewe.

Sasa tuseme jambo ambalo yeye hawezi kukwambia. Wiki hii yote amefika hapa kabla ya wachumaji, umande ukiwa bado juu ya majani, akidunda mpira kwa mkono wa kushoto peke yake. Ukimkimbia, anaufuata, anarudi, anaanza tena. Katibu alimwambia, "Si uende tu? We ni mtu mzima, passport unayo, tiketi wametuma. Buda wako atazoea." Akajibu bila kusimamisha mpira, "Nikienda na baba amenyamaza, nitakuwa nimeenda nusu. Na kule nusu haitoshi."

Amekwisha kuamua, mzee. Usipompa neno hataenda. Jumatatu itapita, jina lake litafutwa, atapanda gari la Sigor na kufundisha vizuri sana, na hatakulaumu hata siku moja. Hilo ndilo linalotukosesha usingizi. Angekuwa mtoto wa kulaumu, tusingekusumbua.

OMBI LETU

Mbele yako, juu ya kitambaa cheupe, kuna kibuyu. Umekuwa ukikitazama tangu ulipoketi, na pengine umedhani ni cha kumkaribisha mgeni. Kitazame tena. Kamba ile ya ngozi na shanga zile ni za nyumbani kwako. Mama Chepkirui alikileta mwenyewe jana, amekitia mkaa wa mti wa senetwet na kumimina maziwa ya ng'ombe wako. Hakusema mengi. Alisema, "Mwambieni bado haijaiva."

Hatukuombi umpe mursik. Mursik hupewa mtu aliyerudi, na yeye bado hajaenda. Ile ya mwaka jana ilikuwa tamu na tuliinywa wote, lakini ilikuwa ya kombe la chuo, na chuo ni pale njia inapoanzia.

Tunachoomba ni kitu kimoja. Ukisimama kutujibu, usikifungue kibuyu hiki. Kishike, umwite Chepkirui kutoka huko alikojificha, na umwambie mbele yetu kwamba utakirudisha nyumbani, utakitundika pale pa kawaida, na hakuna atakayekigusa mpaka arudi. Hata kama atarudi kutoka benchini. Hata kama goti litakataa. Akijua kuna kibuyu kinachomngoja, atakuwa ameenda mzima.

Kama huwezi, basi kifungue sasa utugawie tunywe, nasi tutaelewa. Hatutakununia, na kesho tutaleta majani kwenye mizani kama kawaida.

Mungu aliyekupa binti huyu akulinde, Baba. Aibariki mikono ya mama aliyekaza kile kifuniko, aizuie mvua ile dakika chache tu, na amfanye dereva wa lori achelewe kidogo kule bondeni.

Sisi tunakaa sasa. Simama wewe.

Ni sisi wanao,
Green Leaf Ladies, Kaplong.