Mama Magesa na Shimo la Juu ya Ziwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Jenoveva Magesa anastaafu. Julai itakapoanza, chumba cha vipimo cha kituo chetu cha sayansi ya anga hapa Musoma hakitakuwa na mtu wa kutuuliza asubuhi kama tumekunywa chai.

Alizaliwa Butiama kwa wafugaji, akafundisha fizikia Buhemba, kisha akaja kwetu. Nyumba yake iko Nyasura, Bunda, na hakukubali kuhama. Alidai ng'ombe wake hawapendi mji mkubwa.

Ndiye aliyetengeneza kipimo cha plazma, yaani ile hewa nyembamba ya juu kabisa yenye chaji za umeme, kilichoruka na setilaiti yetu ndogo, Furu. Kipimo kikaleta ajabu: kila Furu ilipopita juu ya Ziwa Viktoria, plazma ilipungua ghafla. Tukaliita Shimo la Ziwa. Tukaandika makala, jarida la sayansi likaikubali, jina la Mama likiwa la kwanza. Ungekuwa ugunduzi wake wa kwanza, na kwa umri wake, wa mwisho.

Ikaja masika. Mawingu yakatanda, tukaacha kupiga picha za ziwa, na shimo likatoweka. Sisi tulisema mvua imeliziba. Yeye alishinda siku nzima akilinganisha vipimo na ratiba ya picha zetu, kisha akatueleza. Kila Furu ilipofika nyumbani tuliigeuza ili kamera ilitazame ziwa letu, maana nani apite kwao asichungulie? Kwa kugeuka huko, kipimo kilibaki nyuma ya mwili wa setilaiti, na setilaiti hukimbia kasi kuliko chembe nzito za plazma, hivyo nyuma yake hubaki karibu patupu.

"Mkipanda bodaboda kwenye mvua," alisema, "anayelowaga ni dereva. Wewe wa nyuma unabakiga mkavu, halafu unasema mvua hakuna."

Sumaku ya dunia nayo ilichangia. Elektroni huuzunguka mstari wa sumaku kama ndama aliyefungwa kamba, haziendi mbali nao. Kipimo kikielekezwa vibaya hupata chache kuliko zilizopo.

Wapo waliomshauri anyamaze hadi astaafu, wengine watakuja kusahihisha. Iliuma. Tulimwona akifuta macho kwa kitenge, na sisi hatukujua pa kutazama. Lakini makala aliiondoa mwenyewe, akatuagiza tukokotoe upya vipimo vyote. Shimo halikurudi.

Ndiyo maana anaondoka bila ugunduzi wenye jina lake. Siku hizi kabla ya kutoa namba yoyote tunaulizana kwanza: tunapima anga, au tunajipima wenyewe?

Mama, tunakushukuru kwa moyo wote, na tunakuombea pumziko refu lenye afya na amani. Ramani yetu ya anga juu ya ziwa sasa ni tambarare, haina cha kumshangaza mgeni. Ni ya kweli, na umeilipia wewe.