Ndoo Kumi na Mbili: Risala ya Majirani wa Kona ya Ubao kwa Mkurugenzi wa Manispaa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Manispaa,

Jumanne moja, wiki tisa zilizopita, ubao wa kona yetu haukufutwa. Kwa miaka kumi na minne ulikuwa ukifutwa kila siku kabla ya saa moja asubuhi na kuandikwa upya kwa chaki. Siku hiyo tulipita kwenda kazini tukakuta maneno yale yale ya Jumatatu: "Kuhusu maboga, nitawaambia kesho." Tulidhani Fundi, aliyekuwa akiuandika, amechelewa kuamka. Dobi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, alimtania kupitia dirishani: "Wewe mzee, leo umekuwa bosi?" Hakujibiwa. Fundi baiskeli wetu, mwanzilishi wa kona hii, alikuwa amefariki usingizini.

Risala hii inasomwa na katibu, ambaye ni mke wa Fundi. Hakuomba kuisoma. Wanachama walimchagua baada ya kukubaliana kwamba mwenyekiti husoma kama mtu anayekimbia mvua.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu sana. Sisi ni wakazi wa nyumba kumi na moja zinazoizunguka kona hii. Kiti ulichokalia ni mlango wa jokofu la zamani la nyumba namba tano. Usiwe na wasiwasi, ni imara. Mwenyekiti amekikalia miaka sita, na umbo lake unaliona mwenyewe.

Tunaomba pia usishtuke ukimwona kinyonga kwenye uzio nyuma yako. Huyo ni mkazi.

TULIKOTOKA

Kona hii ilikuwa jalala. Hakuna aliyeamua iwe jalala. Mtu mmoja alitupa godoro, wa pili akaona godoro limekaa peke yake akaliletea kochi, na baada ya mwaka tukawa tunapita tumeziba pua na kulaumiana. Fundi alikuwa na kibanda chake hapo pembeni. Siku moja, akitafuta tairi la kukata viraka, alikuta mnyanya umeota katikati ya tairi na umezaa nyanya nne. Alizichuma, akaosha moja, akaila mbele za watu.

"Utakufa!" mama wa namba tatu alimpigia kelele. Huyu ni muuguzi mstaafu, na maneno yake tunayaheshimu.

"Nikifa mama, unizike na chumvi, maana imekosa hiyo tu," Fundi akamjibu.

Wiki iliyofuata alianza kuyapanga matairi, moja hapa, jingine pale, akijaza udongo na maganda ya jikoni. Hakumwita mtu. Tulijileta wenyewe mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anapita tu.

TULIYOYAPATA

Leo tuna matuta saba. Maharage yetu yanapanda kwenye rimu za baiskeli. Tuna kidimbwi kilichotengenezwa kwa beseni lililotoboka na kuzibwa kwa viraka, na ndani yake kuna vyura ambao hatujaweza kuwahesabu kwa sababu hawatulii. Ndege aina ya chozi wamejenga kiota juu ya waya wa kuanikia nguo wa mwenyekiti, naye kwa miezi miwili akaanika mashati ya wateja upande mmoja tu. Wateja walilalamika. Akawaambia waende kulalamika kwa ndege.

Tuna mapipa manne. La kwanza ni la taka za jikoni, la pili ni la plastiki, la tatu ni la chupa na vyuma. La nne limeandikwa SIJUI. Hili lilikuwa wazo la Fundi. Alisema watu hawachanganyi taka kwa ubaya, wanachanganya kwa aibu ya kuuliza. Kwa hiyo mtu asiyejua kitu chake kinaenda wapi, anakitia SIJUI na kwenda zake. Kila alasiri Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akalichambua pipa hilo: betri huku, kiatu huku, rimoti huku, meno ya bandia (yalirudishwa kwa mwenyewe, jina tunalihifadhi).

Halafu ubao. Mheshimiwa, kama ungepita hapa siku yoyote ungejua habari zetu zote bila kugonga mlango. "Nani ana mbegu za mchicha?" Chini yake: "Namba nane. Njoo na kikopo chako." "Kinyonga yupo uzio wa namba tatu. Asiguswe, anakula inzi bila kudai chakula cha mchana." "Paka wa namba mbili amerudi akiwa mnene kuliko alivyoondoka. Aliyekuwa akimlisha ajitokeze tumshukuru." Tulisoma, tulicheka, tulijibu kwa chaki. Watu wawili waliokuwa hawasemeshani mwaka mzima walipatana kwenye ubao huo kwa ajili ya miche ya pilipili.

KOSA LETU

Sehemu hii haikuwamo kwenye rasimu ya kwanza. Wanachama walijadiliana wakaona afadhali tuiseme wenyewe.

Baada ya mazishi, majani ya matuta yote yalianza kugeuka manjano. Maboga yalilainika chini. Mchicha ukalala. Tope likawa tope kweli, la kufika kwenye kifundo cha mguu. Waliofurahi ni vyura tu. Sisi tulisema bomba limepasuka chini ya ardhi, tukamwita fundi bomba. Alichimba nusu siku, akapanda juu amejaa matope hadi masikioni, akasema, "Bomba lenu ni zima kuliko mimi."

Basi tukaitisha kikao. Kila mtu aliangalia miguu yake. Mwenyekiti ndiye aliyeanza.

"Labda niseme tu," alisema. "Mimi huwa namwagilia matuta ndoo moja. Asubuhi sana, kabla sijawasha pasi. Nilifikiri sasa hayupo, nani atamwagilia?"

Mama wa namba tatu akageuka. "Wewe? Mimi namwagilia saa moja! Nakuta udongo umelowa, nikasema jamani, umande wa mwaka huu!"

"Mimi mchana, nikija kula," akasema mwalimu wa namba tisa.

"Jioni," akasema wa namba mbili, na wa namba kumi akasema, "Hata mimi, baada yake."

Nyumba kumi zikajitaja. Kila moja ilikuwa na ndoo yake na saa yake, na kila moja ilijificha isionekane, kwa kuona haya kuonekana inamlilia Fundi kwa ndoo. Kisha mwenyekiti akamgeukia katibu taratibu. "Na wewe, shemeji?"

Katibu akasema, "Mbili."

Ndoo kumi na mbili kwa siku, Mheshimiwa, kwenye matuta yaliyozoea ndoo tatu. Tulicheka siku hiyo mpaka mama wa namba tatu akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka tangu Jumanne ile. Wengine walikuwa wanacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeuliza.

YANAYOTUKABILI

Kwa bahati mbaya, afisa wako wa ardhi alikuja kukagua siku tatu kabla ya kikao hicho. Alikuta matuta yameoza, ubao una maneno ya mwezi uliopita yaliyofutwa nusu na mvua, na pipa la SIJUI limefurika hadi chini, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyethubutu kukalia ndoo ile ya Fundi na kulichambua. Alipojaribu kuvuka, tope lilimvua kiatu cha kushoto. Akaondoka na kimoja.

Tunayo nakala ya barua yake. Inasema: "Eneo limetelekezwa na halina mwangalizi." Kwa sababu ya mstari huo, kona hii imepangwa kumwagwa zege tarehe mosi mwezi ujao, iwe maegesho ya magari ya manispaa.

Mheshimiwa, afisa hakusema uongo. Alichokiona ndicho kilichokuwepo. Lakini kona hii haikuharibika kwa kukosa mwangalizi. Iliharibika kwa kuwa na waangalizi kumi na mmoja ambao hawakuambizana.

Tumejirekebisha. Matuta tumeyakausha, tumepanda upya, na utakapotembea utaona mchicha una majani manne. Pipa la SIJUI sasa linachambuliwa kwa zamu, kila nyumba wiki moja. Tunakosea. Wiki jana mwalimu alikaa dakika ishirini na kipande cha plastiki mkononi akisema "Fundi angejua." Mwishowe tulikipeleka kwa muuza vyombo, akatuambia ni mfuniko wa birika.

Kuhusu maboga, hatujui Fundi alitaka kutuambia nini. Katibu amepekua daftari na mifuko ya mashati. Ilipatikana chaki tu. Ndiyo tunayoitumia.

TUNACHOOMBA

Ombi letu ni moja. Tunaomba mstari ule ufutwe kwenye barua, na mahali pake paandikwe kwamba eneo lina waangalizi, nyumba kumi na moja, kwa majina na sahihi zilizoambatanishwa hapa nyuma. Maegesho yanaweza kuwekwa kule nyuma ya ghala lenu la zamani, ambako mwalimu amepima kwa hatua na kupata nafasi ya malori sita. Kule hakuna kiota.

Tunaomba pia afisa wako arudi. Hatuna kinyongo naye hata kidogo. Kiatu chake tumekisafisha na kukipaka rangi ya viatu, na tunamhakikishia kwamba hakijapandwa kitu, ingawa pendekezo hilo lilitolewa na likaungwa mkono na watu wawili.

Mheshimiwa, hatukuletei neno kubwa. Yule mtu hakuacha shamba wala jumba. Aliacha kona hii na tabia ya kuulizana. Zege likimwagwa, tutabaki nyumba kumi na moja zilizofunga milango, kama zamani za godoro.

Tunakuombea kwa Mungu afya njema, nyumba yenye amani, na miguu mikavu popote utakapokagua.

Ni sisi,
Majirani wa Kona ya Ubao.

Zamu ya kumwagilia jioni ya leo: nyumba namba sita, kwa katibu. Ndoo moja.