Wenseslaus Assenga na Mchezo Uliobaki Sebuleni

Baba Paroko, wana wa ukoo wa Assenga, majirani wa Kilema nanyi mliopanda kutoka Moshi mjini, poleni na asanteni kwa kufika, familia imenituma mimi Thadeus, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na shemeji yangu Eunike ameniagiza nisipunguze kitu, hata lile ambalo wengi wenu mmekuwa mkilinong'ona migombani tangu Jumapili.

Marehemu mzee Wenseslaus Assenga alizaliwa hapa Kilema tarehe 28 Septemba 1938, siku ya mtakatifu wa jina lake, akiwa wa kwanza kati ya watoto saba, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1947 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1954, na walimu wake walimsifia akili nyepesi na kumlalamikia shingo ngumu. Mwaka 1959 aliajiriwa mjini Moshi kuwa karani wa kupanga madaraja ya kahawa, kazi aliyoifanya miaka thelathini na sita, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia, yeye na wenzake wengi wakapunguzwa tarehe 30 Juni 1995. Alifunga ndoa na Eunike tarehe 9 Januari 1965, wakajaliwa watoto watatu, Beatrice, Hosea na Theodora, na wote wako hapa mbele yenu.

Kazini ndiko alikokutana na Balwant Singh, fundi wa mitambo, mzaliwa wa Moshi, aliyeongea Kichagga kuwashinda baadhi ya wajukuu zetu, naye ndiye aliyemfundisha kucheza chesi saa ya chakula cha mchana, na baadaye wakawa wanacheza kila Jumapili, mara kwake mjini, mara hapa sebuleni. Wajuzi wanasema mtu mwenye akili zake huanza kwa kumsogeza askari wa katikati, lakini mzee wetu, tangu mwaka 1979, kila alipopewa kete nyeupe alianza kwa kumsukuma nyumba mbili yule askari anayesimama mbele ya farasi upande wa mfalme, Singh akamwambia huko ni kubomoa ukuta wa chumba kabla mfalme hajalala, mzee akajibu kwamba huyo ni chambo, askofu mweusi akitoka kumla anauacha upande wake wa pili wazi na malkia mweupe anaingia, tena wachezaji wa Jumapili kama wao hawafungwi kwa hatua ya kwanza, wanafungwa kwa ya ishirini, wakishasahau malkia wao yuko wapi. Walibishana hivyo miaka kumi na saba, na daftari lake linaonyesha kwamba kwa ufunguzi huo usio na rafiki alishinda karibu nusu ya michezo, jambo ambalo si haba.

Tarehe 19 Mei 1996, hapa sebuleni, mzee akiwa ameshamsukuma askari wake na zamu ikiwa ya Singh, Singh aliwaambia wageni waliokuwepo kwamba ufunguzi ule ni wa mtu aliyechoka kuishi, watu wakacheka, mzee hakucheka, akamwambia, "Singh, toka kwangu," na Singh akaondoka bila kugusa kete. Siku ya nne alimtuma mwanawe Varun na isale, jani letu la kuombea radhi, lililofungwa fundo, nanyi mnajua wenyewe, isale likifika mlangoni hata aliyeuliwa ndugu yake anasamehe, halikataliwi, lakini kaka yangu alilikataa, akasema isale la mtu asiye na kihamba, shamba la ukoo, ni jani tu, akawarushia ng'ombe. Nilikuwepo, nikanyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo. Tarehe 3 Juni Singh akafariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, mwili ukachomwa kwa taratibu za dini yake, majivu yakapelekwa mtoni, mzee akabaki na ugomvi usio na kaburi la kwenda kuombea radhi.

Jumapili ya tarehe 9 Juni tulitoka misa tukiwa pamoja, ukungu umeshuka mchana kweupe hata mgomba wa pili huuoni, tukaukuta mlango umefungwa kama tulivyouacha, na pale ubaoni, ambapo hakuna aliyegusa kete tangu ugomvi, askari mweusi wa katikati amesogea nyumba mbili. Mzee alikaa, akajibu kwa askofu wake, na Jumapili nyingine ya ukungu tukakuta askofu mweusi amemla yule askari wa chambo. Katika nyumba hii hakuna mwingine ajuaye mchezo huo, tukadhani uchungu umemfanya ajichezeshe mwenyewe, basi Eunike akanyunyiza unga sakafuni kuizunguka meza yote, tukaenda misa pamoja na mzee, tukarudi, unga haukuwa na alama hata ya mende, na farasi mweusi alikuwa amehama.

Ikawa hivyo kwa miaka minane, hatua moja kwa Jumapili ya ukungu, na msidhani kaka yangu alitaka kushinda, alitaka kusamehewa tu. Mwaka 1999 alifunga isale, akaliweka upande wa Singh, na Jumapili ya ukungu iliyofuata tukalikuta juu ya kiti chake mwenyewe, fundo limefunguliwa, akaniambia, "Thadeus, amelirudisha, nami lake nililikataa," akalia, mtu ambaye hakulia hata tulipomzika baba.

Kisukari kilianza kumsumbua mwaka 2001, figo zikafuata, akalazwa mjini tarehe 6 Oktoba mwaka huu wa 2004, na Varun alipokwenda kumwona, mzee alimwambia kwamba mchezo umefika hatua ya thelathini na nane, mfalme wake amebanwa kila upande, na sasa anaogopa kufa akiwa bado na deni la neno moja. Alifariki Jumapili tarehe 17 Oktoba saa nne asubuhi, Eunike na watoto wakiwa kando ya kitanda, mimi nikiwa misani, na nilipofungua nyumba hii ili kuitayarishia waombolezaji, ukungu ukiwa umejaa uani, nilimkuta mfalme mweusi amelazwa ubavu katika nyumba yake.

Nilimwita Varun, akauinamia ubao, akaniambia, "Baba mdogo, baba alibakiza hatua moja tu amfunge mzee, mtoto angeiona, na anayemlaza mfalme wake anasema wewe umeshinda, baba yangu hakuwahi kusema hivyo hata aliposhindwa kweli." Kama ufunguzi ule unafaa au haufai sijui, mimi sichezi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta kuni, ndizi na mbege, wenzake wa kwenye kahawa, jumuiya ndogondogo, na familia ya Singh iliyokaa nasi matanga yote. Kaka yangu Wenseslaus, neno ulilolingojea limekuja, umesamehewa, pumzika sasa kwa amani.