Mzee Mkia na Msafara wa Alhamisi

Tiki, tiki, tiki. Ni alfajiri, giza bado limejaa ndani, na ukumbini gurudumu la baiskeli linazunguka polepole. Mama mmoja kijana anaamka, anapapasa ukuta. Anamkuta bintiye mdogo amechuchumaa, analisukuma gurudumu kwa kidole.

"Kalale, mwanangu. Mwenzako naingia zamu."

"Lakini leo Alhamisi."

Kweli. Alhamisi ya kwanza bila babu.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwenye baiskeli hiyo, baba yake mama huyu. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo. Wengi mlimwita Mzee Mkia. Narudia, Mzee Mkia, maana jina lake la kwenye kitambulisho hata majirani hawakulijua. Kifua kilimsumbua kwa muda mrefu, na mwezi huu akatutoka, kitandani kwake, usingizini.

Ujana wake wote uliishia kiwandani. Kiwanda cha nguo kikafungwa. Cha sabuni kikafuata, kisha cha vyuma. Wenzake wakajifungia ndani, kila mtu na lake. Yeye akawagongea milango mmoja mmoja.

"Toeni baiskeli. Jioni tunapita kazini."

"Kazini wapi, wewe? Kazi imekufa!"

"Basi twende tukaihani."

Wakacheka, wakatoka. Ndivyo msafara ulivyoanza. Kila Alhamisi jioni, jua likilegea, baiskeli zilipita kwenye mageti yenye kutu, chini ya dohani refu la matofali la kutolea moshi, kando ya mfereji ambao enzi za kiwanda ulibadilika rangi kwa kufuata vitambaa vya siku hiyo. Miaka ikaenda. Vijana ambao hawakuwahi kusikia king'ora cha zamu nao wakajiunga.

Na yeye alikaa nyuma. Nyuma kabisa, wasikilizaji wapendwa. Msafara aliuongoza kwa sauti: "Kuliaaa! Kushotooo! Shimo hilo!" Dadake anasema, "Kaka alikuwa na koo la king'ora. Ukipishana naye mlangoni, masikio yanalia mpaka kesho."

Siku moja kijana mmoja akamchokoza: "Mzee, unatuswaga kama ng'ombe!"

"Ng'ombe wangekuwa wanasikia."

"Lakini kiongozi hukaa mbele, bwana."

"Nikiwa mbele, nitamjuaje aliyeanguka?"

Sasa turudi kwa binti yake, yule mama wa alfajiri. Anafua mashuka ya hospitali. Anasimama kutwa kwenye mvuke, na jioni miguu imevimba, viatu havimtoki. Tangu mazishi hajapumzika. Alhamisi hiyo alipanga jambo moja tu: aende na wenzake baba mara moja, awashukuru, awaambie msafara umefika mwisho. "Shangazi, sina nguvu," alisema. "Baba ameondoka na msafara wake."

Shangazi hakubisha. Alimfungia mtoto mkanda kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya babu.

Jioni msafara ukaondoka kimya kimya. Walipofika njia panda chini ya dohani, wa mbele akasimama. Wote wakasimama.

"Kulia, nadhani," akasema seremala.

"Nadhani yako itatuingiza mferejini," akajibu mama mmoja aliyewahi kufuma kiwandani. "Wewe si umepita hapa miaka yote hii?"

"Na wewe je?"

Hakuna aliyejua, maana mzee aliwapitisha vichochoroni, si njia kuu ya kwenda kazini. Miaka yote walipita wakisubiri sauti tu. Njia ilibaki kichwani mwa Mzee Mkia, na kichwani mwa binti yake, aliyekuwa akimpelekea baba chakula kiwandani kwa vichochoro hivyo tangu utotoni.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole dada yake, binti yake na mjukuu wake. Tunawapa pole wote waliofuma, waliochemsha sabuni na waliofua vyuma pamoja naye. Mungu awatie nguvu. Nasi tulio safarini tujiulize: nyuma yetu yupo nani, na tumewahi kumgeukia?

Pale njia panda, waligeuka. Mmoja, kisha wote. Wakamtazama yule aliye mwisho. Binti wa Mzee Mkia alikuwa nyuma kwa sababu ya uchovu, basi. Maneno ya kuagana yalikuwa tayari mdomoni. Jua linazama. Hakuna anayekanyaga pedali.

Mtoto akamgusa mgongoni.

"Mama, wanasubiri uwaambie kulia au kushoto."